M kama Mbelu: miaka thelathini na mmoja ya Mama Mwadi kwenye foni

Naomba nianze kwa kukiri jambo ambalo hapa Kolwezi sijamwambia mtu yeyote, hata mama yangu mzazi. Jumatano ya wiki iliyopita niliongea kwenye foni, redio ya ofisi yetu, peke yangu, mlango ukiwa umefungwa. Wanaonifahamu hawataamini, kwa sababu shuleni mwalimu alipoita majina mimi Falonne niliitikia kwa kuinua mkono tu. Lakini niliongea, na kuna mtu aliyenijibu. Ni nani, nitasema mwishoni. Nafasi ya kwanza katika programu hii ya sherehe ni ya anayestaafu.

Leo, Ijumaa tarehe 27 Oktoba 1995, Mama Mwadi Ngoie anastaafu baada ya kuitumikia Nyumba ya Ugavi Lufupa kwa miaka thelathini na mmoja. Aliingia kazini Februari 1964, akiwa msichana aliyevaa viatu vya kuazima. Kwa wageni wetu, Lufupa ndiyo inayonunua mahindi, mihogo na maharagwe huko Kapanga na kuyaleta kwa malori hadi Kolwezi, ili familia za Kapata, Musonoi na mjini zipate bunga, yaani unga. Mkurugenzi alitaka wasifu huu uandikwe na mtu aliyekaa karibu naye zaidi, na tangu mwezi wa nane aliyekaa karibu naye zaidi ni mimi, kwa sababu ofisi yetu ina viti viwili tu vyenye miguu yote.

Mama Mwadi alianzia kwenye meza ya kuunganisha simu. Ilikuwa na matundu mengi na nyaya za kuchomeka, na yeye alizichomeka na kuzichomoa siku nzima huku akisema, "Subiri kidogo, tata, niko nakuunganisha." Mji wote uliijua sauti yake kabla ya kuujua uso wake. Mfanyabiashara mmoja wa Dilolo alisafiri mpaka hapa ili kumwona mama mrefu mwenye sauti ile. Akaingia, akatazama juu ya kichwa cha Mama Mwadi, akauliza, "Mama Mwadi eko wapi?" Akajibiwa, "Tazama chini, tata." Wote mtakaomwona leo amesimama karibu na Mkurugenzi mtaelewa.

Pembeni ya simu ilikuwepo foni, yaani redio ya kuzungumza na vituo vyetu vya mbali ambako simu haifiki, hasa Musumba, huko Kapanga. Foni ya wakati ule ilikuwa na mvumo kama mafuta ya kukaanga samaki. Ukisema "Muteba", kule wanasikia "Musenga", na mahindi ya mtu mmoja yanaandikwa kwa jina la mwingine. Kwa hiyo kila jina lilitajwa herufi kwa herufi. Makarani wa zamani walitumia majina ya Wazungu ambao hakuna aliyewahi kuwaona, na watu wa Musumba waliyasahau kila baada ya mapumziko. Mama Mwadi akayaacha. Akaanza kutumia watu aliowaona kutoka kwenye kiti chake.

A ikawa kama Agnès wa dispensari. B kama Badibanga wa hesabu. K kama Kassim wa malori. T kama Tshimanga wa bohari. Kwa X alisema, "ile ya mwalimu wakati unakosea." F haikuwa na mtu, kwa hiyo ikawa F kama fulani. Herufi M angeweza kujipa mwenyewe, lakini hakufanya hivyo. Alisema, "Mi niko nasema tayari, sauti yangu inatosha." Akampa Mbelu, mpiga taipu, aliyekaa upande wa pili wa meza hiyohiyo.

Msidhani lilikuwa jambo dogo. Badibanga alitembea kifua mbele, akitangaza, "Mi najulikana mpaka Musumba!" Muamba, dereva, alinuna kwa sababu jina lake linaanza na M na nafasi ilikwisha kuchukuliwa. Siku moja lori la Tata Kassim lilirudi kutoka Kapanga na jogoo aliyefungwa miguu, zawadi ya wakulima kwa Tshimanga. Hawakumfahamu kabisa. Walikuwa wamesikia tu kwamba T ni kama yeye, tena kwa miaka mingi, wakaona si adabu kutomsalimu. Vituo vingine vilivyosikiliza njiani navyo vikaanza kutumia watu wetu. Mpaka leo wako watu porini wanaotaja majina yao kwa msaada wa Agnès, ambaye hawajawahi kumwona akichoma sindano. Wana bahati.

Sasa niseme juu ya Mbelu, maana huwezi kumweleza Mama Mwadi bila yeye. Wazazi wa Mbelu walitoka Kasai, lakini yeye alizaliwa Kapata, katika nyumba za mstari wa tatu, na alijua njia za mkato za Kolwezi kuliko mbuzi. Mama Mwadi alipokea ujumbe kwenye foni na kuurudia kwa sauti. Mbelu aliupiga taipu bila kutazama vidole, mara nyingi huku akitafuna karanga. Walifanya hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Walizaa kwa zamu, wanasema wakubwa, ili meza isibaki tupu.

Mbelu ndiye aliyegundua matumizi ya rangi ya kucha. Karatasi ya stensili, ile inayowekwa kwenye mashine ya kurudufu, ukiikosea huifuti, unaipaka dawa nyekundu na kupiga upya. Dawa ilipokwisha, Mbelu alipaka rangi ya kucha zake, na ilifanya kazi vizuri zaidi. Tangu siku hiyo katika Lufupa ungeweza kujua barua ilikuwa ngumu kiasi gani kwa kutazama kucha za Mbelu. Zikibaki bila rangi, barua ilikuwa ya Mkurugenzi. Hata programu mnayoshika imerekebishwa hivyo. Chupa ni ya Mama Mwadi, na sijui atasema nini akiona imeisha.

Miaka ya sabini na themanini ilikuwa ya fahari. Ilikuja teleksi, iliyoandika peke yake kama vile imeingiwa na pepo, na mlinzi wa kwanza kuiona ikifanya hivyo mchana, ofisi ikiwa tupu, aliomba kuhamishiwa getini. Baada ya vita vya 1978 Mama Mwadi alikuwa kati ya wa kwanza kurudi, akakuta kuku wa jirani ametaga ndani ya sanduku la karatasi za teleksi. Aliacha mayai yaanguliwe kwanza. Zikaja mashine za taipu za umeme. Ikaja fotokopi, na watu wakanakili hata mikono yao. Mwishoni ikaja ordinatere, yaani kompyuta, ambayo ilivishwa kitambaa cha kushonwa kwa mkono na kuwekewa maua juu. Hakuna aliyefundishwa kuitumia, lakini wageni wote walionyeshwa.

Mimi nilipokuwa mdogo nilifikiri ofisi zinakwenda mbele tu, kama darasa la kwanza kwenda la pili. Lufupa imenifundisha vingine. Mgodi mkubwa ulipoporomoka mwaka 1990 na uporaji ukafuata mwaka wa pili yake, ofisi yetu ilirudi nyuma darasa kwa darasa. Kwanza tulipoteza ordinatere. Kioo chake kilirudishwa na mama mmoja wa Kapata baada ya wiki, naye alikuwa na hasira. "Televizyo gani hii? Batoto bangu banakaa mbele yake tangu juzi, haina hata picha!" Halafu laini ya teleksi ikakatika. Halafu umeme ukaanza kuja kama mgeni. Mashine za umeme zikalala, na ile ya zamani ya mkono, iliyokuwa inazuia mlango usifungwe na upepo, ikarudishwa mezani. Simu zikanyamaza. Ikabaki foni, nayo ikaendeshwa kwa betri ya lori, ambayo Tata Kassim aliichaji kila alipotoka safari.

Mama Mwadi hakulalamika. Mkurugenzi aliposikitika kwamba wamerudi mwaka 1964, alimwambia, "Directeur, mwaka ule mi nilikuwa navaa viatu vya kuomba. Leo niko na vyangu." Akapangusa mashine ya mkono, akaanza kazi.

Lakini mashine zilikuwa hazijamaliza kuondoka, watu nao wakaanza kuondoka. Mnamo 1992 na 1993 waliotoka Kasai, na hata waliozaliwa hapa kwa wazazi wa Kasai, walifukuzwa, wakaambiwa Katanga si kwao. Wote mnaosoma mnakumbuka, na baadhi yenu mnakumbuka zaidi yangu. Mimi nakumbuka dawati tupu darasani. Lufupa inawakumbuka Badibanga, Tshimanga, Muamba na Mbelu, ambao walilala kwenye uwanja wa stesheni na vyombo vyao, wakingoja treni ambayo hakuna aliyejua itakuja lini. Mama Mwadi ni mtu wa Katanga kaskazini, na wakati ule haikuwa vema kwa mtu wa kwao kuonekana pale. Alikwenda kila jioni, na sufuria ya chakula kichwani, kwa njia kubwa. Jirani alimuuliza kama haogopi. Akasema, "Naogopa sana. Njo maana natembea mbio."

Treni ilipokuja, Mbelu alikuwa na anwani moja tu ya kumwachia, nayo ilikuwa "Kasai". Kwa hiyo Mama Mwadi alimpa saa. Alimwambia hivi, na Mama Agnès aliyekuwepo ndiye aliyenisimulia: "Mbelu, kila siku, saa ine ya asubui, mi nitakuwa ku foni. Siku utapata foni, ya padri, ya soda ku kambi ya jeshi, ya nani, uniite. Kama umefika muzima, uniite." Mbelu akajibu, "Na kama sauti yangu inapotea?" Mama Mwadi akasema, "Mi naijua hata katika mafuta ya samaki."

Basi karibu nusu ya alfabeti ikapanda treni.

Baada ya hapo karani mpya alimshauri kwa nia njema: "Mama, bale banaisha kwenda. Utie majina ya benye beko." Mama Mwadi alimtazama kwa upole, akabonyeza kitufe, akaita Musumba na kutaja jina la mkulima: B kama Badibanga wa hesabu, T kama Tshimanga wa bohari. Alipomaliza alimwambia yule karani, "Badibanga anaenda, lakini B yake inabaki." Wako waliosema maneno mabaya kuhusu jambo hilo, mjini na hata ndani ya ofisi. Aliendelea. Kwa hiyo katika miaka ambayo majina yale hayakutajwa kwa sauti barabarani, yalitajwa kila siku hewani, kutoka Kolwezi hadi Musumba, kwa ajili ya mahindi.

Na kila siku saa nne ya asubuhi, akiwa na wageni au bila wageni, anasimama, anasema, "Niende kupima mashine," anaingia chumba cha foni. Anaita upande wa Kasai. Anasema, "Hapa Lufupa, Kolwezi. M kama Mbelu. Niko nasikiliza." Anasikiliza mvumo kwa muda, halafu anatoka na kusema kwamba mashine ni nzima. Mkurugenzi anajua, sote tunajua. Hakuna mashine katika nchi hii iliyopimwa kama ile.

Ilimpasa kustaafu mwisho wa mwaka 1993. Aliomba abaki kidogo ili afundishe mtu wa kumrithi. Mwaka uliofuata akaomba tena, kwa sababu hiyohiyo, ingawa hapakuwa na mtu yeyote aliyekuwa akifundishwa. Mwaka huu macho yake yamechoka, na Mkurugenzi, kwa heshima zote, amesema sasa basi. Nyumbani kwake Kapata kuna bustani nzuri ya mboga za lengalenga na wajukuu wengi, lakini hakuna foni. Na mpaka Jumanne ya wiki iliyopita, hakuna mtu hapa Lufupa aliyejua kama Mbelu alifika.

Mtu wa kumrithi alipatikana, naye ni mimi. Nilitoka shule mwezi wa saba na diploma, na woga ambao haukuandikwa kwenye diploma. Kurithi kiti cha foni kwa mtu asiyeweza kusema "nipo" darasani ni kama kumpa kuku kazi ya kulinda mtama. Mama Mwadi hakunilazimisha. Wiki ya kwanza alinipa kazi ya kupanga karatasi pembeni yake. Siku ya tatu nikamsikia akiwatajia watu wa Musumba jina la mtu anayeitwa Mufika: "M kama Mbelu, U kama Upemba, F kama Falonne..." Upande wa pili Tata Gracien, mwendeshaji wa foni wa Musumba, akauliza, "Eh! Fulani anaenda wapi?" Mama Mwadi akasema, "Fulani anapata jina." Nilijificha nyuma ya kabati. Lakini jina langu lilikuwa limekwisha kufika Kapanga kabla yangu, na nilijisikia kama mtu aliyetanguliza mizigo.

Hata hivyo nilikuwa bado sijabonyeza kile kitufe. Mpaka Jumatano ile.

Mama Mwadi alikuwa amekwenda kupigwa picha, hii mnayoiona ukutani, na alikaa sana kwa sababu mpiga picha alimtafutia kigoda cha kupandia. Musumba ikaita. Sikujibu. Ikaita tena. Tata Gracien akasema, "Kolwezi, kama hamuko, museme kama hamuko!" Nikabonyeza. Nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia kwa shida, "Niko. Falonne."

"Eh, F!" akapiga kelele. "Sikia, mutoto. Niko na mama mumoja wa Mwene-Ditu, kule Kasai, eko anatumika ku foni ya muuza-mahindi. Tangu juzi njo banaweka ile mashine. Anataka bei. Ananitajia jina la patron wake. Sikia vile anasema: B kama Badibanga wa hesabu. T kama Tshimanga wa bohari. Mi namuuliza, mama, ile alfabeti unatoa wapi? Anasema, ni ya kwetu. Eko pale, anangoja. Umuite we mwenyewe, pengine atakusikia."

Sikuwa na muda wa kuogopa. Nikaita Mwene-Ditu. Kwanza mafuta ya samaki. Halafu, nyembamba kabisa, sauti ya mwanamke: "Naita Lufupa. Ni nani anasema?"

"F kama Falonne."

"Falonne? Hapana. F ni kama fulani."

"Walibadilisha, mama. Ni mimi sasa."

Halafu akauliza, pole pole, kama mtu anayeuliza kama nyumba yake ya zamani bado ina mlango, "Na M? M njo nani sasa?"

Nikamwambia, "M kama Mbelu."

Nilifikiri betri imekufa, nikaipiga kofi kama Mama Mwadi anavyofanya. Kisha nikasikia anapumua, na anapangusa pua, karibu sana, kama vile amekaa upande wa pili wa meza. Nikamwambia yote kwa haraka: kwamba Mama Mwadi amekwenda kupigwa picha, kwamba ni mzima, kwamba anapima mashine kila siku, kwamba anastaafu Ijumaa ya wiki ijayo. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo bila kupumzika. Akasema, "Umwambie kama..." Halafu akajikatiza. "Hapana. Usimwambie kitu. Mi nilisema nitamwita mi mwenyewe. Ijumaa ile, saa ine. Mutie betri ya muzuri!" Hapo betri yetu ikafa kweli.

Juu ya wengine waliopanda treni ile sikuuliza. Hayo ni maswali ya Mama Mwadi, na majibu ni yake kwanza.

Tata Kassim ameleta betri mpya kabisa. Nilimwomba bila kumwambia sababu. Aliniangalia akasema, "Leo unaongea, mutoto? Basi nakupa mbili." Lori lake limesimama nyuma ya ofisi endapo zote mbili zitachoka. Tata Gracien atakuwa Musumba, kupokeza maneno yakipotea njiani.

Mama Mwadi, kwa niaba ya Lufupa yote, tunakushukuru kwa sauti yako, kwa sufuria ulizobeba kwa njia kubwa, na kwa kila herufi uliyoilinda. Kiti chako nitakikalia, na alfabeti sitaibadilisha, isipokuwa moja. Herufi N haikuwahi kuwa na mtu wa ofisini. Ulisema daima "N kama nyanya". Kuanzia Jumatatu itakuwa N kama Ngoie. Nyanya zitatuwia radhi. Tunakuombea siku nyingi za raha, bustani yenye mvua ya kutosha, na wajukuu wanaokuitikia mara ya kwanza.

Na ninyi mnaosoma haya uani, mkingoja sherehe ianze: nakala ya Mama Mwadi bado iko mfukoni mwangu, ataipata baadaye. Saa nne itakapokaribia, hotuba zikiwa katikati, atasimama. Sherehe ni yake, lakini atasimama tu, na atasema anakwenda kupima mashine. Tafadhali msimzuie. Msimtazame sana. Mkurugenzi, nakuomba uendelee kusoma hotuba yako kama vile hakuna kitu. Mama Agnès, tafadhali usilie mapema. Mlango wa chumba cha foni nitauacha wazi.

Mpaka hapo, nawaomba sana, msimwambie.